Jukwaa Linalotazama Milima

Tulipotoka kumzika Kocha Ebuela hakuna aliyekwenda nyumbani moja kwa moja. Miguu ilitupeleka uwanjani, sisi wachezaji wake wa zamani, watu wa mvi za kwanza na magoti mabovu, tukaketi kwenye jukwaa letu la matofali, na sote kwa pamoja tukainua viganja mpaka kwenye paji la uso. Ilikuwa alasiri. Jua lilikuwa limekaa juu ya milima likitupiga machoni, kama linavyompiga kila anayekuja kutazama mpira hapa Baraka. Jirani yetu mmoja, mkimbizi kutoka Burundi anayelima mihogo nyuma ya goli la kusini, alikuja kutupa pole. Alitushika mikono mmoja mmoja, akakaa, akainua kiganja naye, kisha uvumilivu ukamwishia. "Papa Alimasi," akaniambia, "unisamehe, leo si siku ya maulizo. Lakini juu ya nini mulijengaka hii tribuni inaangalia jua? Ziwa iko kwa mugongo, upepo iko kwa mugongo. Mungeiweka ngambo ile, mungekaa kwa kivuli na kuangalia maji." Wenzangu wakacheka kile kicheko cha matanga kinachoanza vizuri na kuishia njiani. Mimi nilimwambia ni habari ndefu, nitamweleza siku nyingine. Sikuwa na nguvu. Nimeulizwa swali hilo na wageni wengi, na kila mara nimejibu kwamba fundi alikosea. Fundi hakukosea. Tulijua tunachofanya, na aliyeumia kwa ajili yake ni rafiki yangu Gadi.

Uwanja wenyewe ni mkongwe kuliko sisi. Wazee huuita Kwa Pamba mpaka leo, kwa sababu zamani wakulima walileta pamba yao pale kupimwa, na ardhi ilikanyagwa na miguu na magunia hata ikawa ngumu, ikafaa mpira. Pamba ikafa, mpira ukabaki. Kisha vita vikaja, wenye bunduki wakapiga hema katikati, wakapasua milingoti ya magoli kuwa kuni, na walipoondoka nyasi zilikuwa zimefika kiunoni. Ni uwanja wenye tabia zake. Umeinama kidogo kuelekea ziwani, hivyo winga wa upande wa chini huchoka kabla ya wenzake kwa kukimbiza mipira, na kila mechi lazima mvuvi mmoja awe tayari na mtumbwi wake kuufuata mpira uliopitiliza. Timu ngeni zilituchukia kwa jambo hilo. Mvua ikinyesha milimani, mchanga hushuka na maji na kuuzika mstari wa kati, na Jumamosi ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mji mzima, watu huja na majembe kuutafuta. Nimeupenda uwanja ule kama mtu anavyompenda ndugu yake mlevi: kila siku unajiuliza kwa nini, na kesho yake unamwekea chakula.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa kwanza baada ya kurudi kutoka kambini Tanzania. Nilikuwa mtu wa ndevu, lakini nilirudishwa kwenye dawati kumaliza sekondari niliyoiacha njiani. Kocha Ebuela alikuwa mwalimu wetu na pia kocha wa Mawimbi, timu ya mji, na nyumbani kwake kulikuwa na chumba cha ziada alichotupa mimi na Gadi. Kilikuwa chumba cha udongo, chenye mkeka mmoja, kamba ya kuanikia jezi, na magunia ya ndakala, wale dagaa wakavu ambao mkewe, Mama Neema, aliwauza sokoni. Harufu yao iliingia katika nguo, katika madaftari, mpaka katika maji ya kunywa. Gadi alikuwa ametoka Bibokoboko, kule juu milimani kwenye ng'ombe na ukungu, akashuka kusoma kwa sababu shule ya kwao haikufika mbali. Kijana mrefu, mikono mirefu, mpole kupita kiasi kwa kipa. Kwao samaki hakuwa chakula cha kila siku. Jioni ya kwanza Mama Neema alipoweka bugali ya muhogo na ndakala waliopikwa kwa mawese, Gadi aliwatazama wale samaki, nao wakamtazama. "Mama," akasema kwa adabu, "hii yote iko na macho." Mama Neema akacheka mpaka akakaa chini. "Kula tu, mutoto wangu. Ilishakufa, haitaenda kukusemea kwenu." Kabla mvua hazijaisha Gadi alikuwa akigombania kichwa cha samaki mukeke wa kuchoma kama mtu aliyezaliwa mtumbwini. Yeye alinielekeza hesabu, mimi nikamfundisha kuogelea. Tulikubaliana tutafanya mtihani wa diploma, ule wa kumaliza sekondari, pamoja, na anayefaulu atamngoja anayeanguka. Nikilikumbuka agano lile sasa, naona tulikuwa na roho nyepesi ambayo sijaipata tena.

Kiangazi kilipoingia kilabu kiliamua kujenga jukwaa. Udongo tuliuchimba bondeni, matofali tukayafyatua wenyewe na kuyachoma kwa kuni za michikichi. Wakatoliki walikuja na vibao vyao vya kufyatulia, Waprotestanti wakaja na kwaya nzima ili ionekane kwamba wao wanafyatua huku wanaimba, na wavuvi wakaja wakati samaki wamekataa. Fundi alipiga vigingi upande wa milimani, ili watu wakae jua likiwa mgongoni na ziwa likiwa mbele yao. Ndipo prezida wa kilabu akaitisha mkutano palepale uwanjani aulize kama watu wameridhika. Mama mmoja muuza chumvi akasimama. Simkumbuki jina, naikumbuka sauti. "Fundi, tukikaa ngambo hii, milima itakuwa kwa mugongo yetu. Nani ataangalia milima?" Hakuna aliyecheka. Vita vilipofika Baraka vilishuka kutoka huko, watu wakiwa sokoni, migongo yao imegeuka. Fundi alijaribu: "Lakini mama, jua itabachoma macho kila siku." Mtu mwingine akamjibu, "Jua haiuaka muntu." Prezida akaomba walio upande wa mama wanyoshe mikono, na mikono ikainuka yote, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti, jambo ambalo halijaonekana tena hapa. Gadi alikuwa amesimama karibu nami, udongo umemfika kwenye viwiko. Kila aliyesema "kule" alikuwa akinyosha kidole kwenye nyumba ya mama yake. Alirudi kwenye kibao chake, na siku ile alifyatua matofali mengi kuliko mtu yeyote.

Siku chache baadaye, mchana wa jua kali, tulikuwa tumejilaza mimi naye baada ya kazi. Ukuta uliotutenga na chumba cha wenye nyumba haukufika kwenye paa, na Kocha hakuwa mtu wa kunong'ona. "Papa wa Gadi anakuja siku ya kufungua tribuni," tulimsikia. "Alinitumia neno kwa bantu ba soko. Anataka kuona fasi mutoto wake anaishi. Akiona iko muzuri, atamuacha amalize. Akiona haiko muzuri, atapanda naye siku ile ile." Mama Neema akajibu, "Ataona muzuri. Nani alimufanyia Gadi mubaya hapa? Timu yote inamupenda." "Hakuna. Lakini we mwenyewe ulisikia mukutano." Tukasikia kijiko kikikwangua sufuria. "Nilisikia," Mama Neema akasema. "Na mi nilinyosha mukono." Kisha, kama mtu anayekimbilia jambo analoliweza: "Nitamupikia nini? Ndakala hapana. Nitatafuta kuku, na maziwa." Niligeuka nikamtazama Gadi. Macho yake yalikuwa wazi, ameyaelekeza kwenye nyasi za paa. "Umelala?" nikamuuliza. "Nimelala," akasema. Tangu siku ile nilianza kuomba, mimi ambaye kanisani nilikwenda kwa ajili ya kwaya ya wasichana. Niliomba baba yake aje, aone, aridhike. Sikuwa na rafiki mwingine. Wale wa kambini walikuwa wametawanyika, na kabla ya kambi nilikuwa mtoto.

Jukwaa likaisha, likapakwa chokaa. Mzee yule alitazamiwa kufika siku moja kabla ya sherehe, kwa barabara ya gari inayotoka Fizi. Mama Neema alisafisha chumba chetu, akayahamisha magunia ya ndakala, akachoma majani ya mchaichai kufukuza harufu. Tulisimama barabarani mpaka lori la mwisho likapita, hakushuka. Gadi akasema labda ng'ombe mmoja ameugua, kwao ng'ombe akiugua safari hufa. Kesho yake tulicheza na timu ya Nundu. Watu walijaa tangu mchana, kwaya mbili, ngoma, bamama na masufuria yao ya mihogo ya kuchemsha, na jua lilipoanza kushuka niliona kwa mara ya kwanza kitu ambacho nimekiona maisha yangu yote tangu hapo: mji mzima umekaa kwa safu, kila mmoja na kiganja kwenye paji la uso, kama askari wanaompigia saluti mtu asiyeonekana. Wachezaji wa Nundu walituuliza kama ni kawaida yetu. Tulikuwa bila bao, Gadi akiwa golini, mimi nikiwa beki wa pembeni mbele yake, wakati mlio wa jukwaani ulipobadilika.

Kwenye njia ya miguu inayoshuka mlimani kulikuwa na vumbi, na ndani ya vumbi watu, na mabegani mwa watu vitu virefu. Jua lilikuwa nyuma yao. Aliyetazama kutoka jukwaani aliona weusi tu na mwanga, na weusi ule ulikuwa unakuja. Sikumsikia mtu akisema "banakuja." Nilisikia ngoma ikianguka, kisha jukwaa lote likasimama na kumwagika kwa nyuma, kuelekea ziwani. Bamama waliruka kutoka ngazi ya juu na watoto mgongoni. Refa alikimbia na filimbi mdomoni, ikilia kila alipohema, na leo tunalicheka hilo kwenye pombe ingawa siku ile hapakuwa na wa kucheka. Wachezaji wote wakakimbia, wetu na wa Nundu, jezi zikachanganyika. Mimi nilikuwa nimekwisha geuka niliposikia Gadi akipiga kelele, yeye ambaye hakupaza sauti hata kwa penalti. "Ni papa! Alimasi, ni papa yangu! Ile ni fimbo! Angalia ng'ombe!" Nikasimama. Kutoka golini aliitazama njia ile kwa ubavu, bila jua usoni, na alimtambua ng'ombe kwanza, ndama jike wa rangi ya asali aliyemlea mwenyewe, kabla hajamtambua baba yake. Walikuwa wanaume wanne na fimbo za kuchungia mabegani, na ng'ombe wachache wa kumsindikiza yule mmoja, kwa maana ng'ombe hakubali kusafiri peke yake. Walikuja na zawadi ya jukwaa.

Waliingia kwenye uwanja mtupu. Ng'ombe waliinamia nyasi za eneo la penalti wakaanza kula. Baba yake Gadi alikuwa mzee mrefu mwenye kofia na koti zito, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Alitazama jukwaa jeupe, masufuria yaliyopinduka, kiatu kimoja cha mtoto kwenye ngazi. "Amani," akatusalimia. "Bantu biko wapi? Nilisikia ngoma." Gadi akasema, "Banakimbia, papa." "Banakimbia nini?" Gadi alinitazama mimi, mimi nikatazama ng'ombe. Mzee aliigeukia njia aliyoshuka nayo, akakinga macho kwa mkono, akaliona jua, akaliona jukwaa linakotazama, na sikuhitaji kumweleza. Uso wake haukuonyesha hasira. Ningependa ungeonyesha.

Wa kwanza kurudi alikuwa Mama Neema, kitenge kimelowa mpaka kifuani. Alipiga magoti kwenye mchanga mbele ya mzee. "Papa Gadi, karibu. Utusamehe, papa. Macho yetu iko bagonjwa." Mzee akamshika mkono kumwinua, akasema, "Simama, mama. Unanilelea mutoto." Wakarudi na wengine wawili wawili, wanakamua nguo, hawatazamani. Kocha akaomba radhi, prezida akaomba radhi kwa maneno marefu zaidi, mzee akaketishwa katikati ya jukwaa kwenye kiti cha heshima, akaletewa kuku na maziwa, akala kidogo kwa adabu. Mechi ikaendelea kwa sababu hakuna aliyejua jambo lingine la kufanya. Gadi alizuia kila kitu siku ile. Mzee alimtazama mwanawe mpaka mwisho, kiganja kwenye paji la uso kama sisi wote, na nilipomwona akipiga makofi nilidhani maombi yangu yamesikika.

Baada ya mechi alimkabidhi Kocha yule ndama mbele ya watu wote. Kisha akasema Gadi akusanye vitu vyake. Kocha akamsihi, akataja mtihani, akataja akili ya kijana. Mama Neema akalia wazi. Mzee akawasikiliza hadi mwisho. "Sina kasirani, mwalimu," akasema. "Mumemulisha, mumemufundisha, ng'ombe ni ya asante, haitarudi. Lakini nimeona. Muntu mwenye kukukimbia leo, siku ingine atakosa fasi ya kukimbilia. Siku ile sitaki mutoto wangu akuwe hapa."

Mwaka jana kilabu kiliitisha mkutano tena. Jukwaa limepasuka, chokaa imekwisha, wafadhili fulani wameahidi jipya lenye bati. Mhandisi kijana alichora upande wa milimani. Vijana wa simu, ambao wengi wao walikuwa hawajazaliwa mwaka ule, wakamuuliza swali lilelile la mama muuza chumvi, kwa maneno yaleyale, na mikono ikanyoshwa. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, mtu mzima anayeheshimiwa, na nilichoka mno hata kusimama. Ningewaambia nini? Kwamba hakuna kinachoshuka? Kimeshuka mara kadhaa tangu hapo. Na huko juu nako mabaya yalifika, na baadhi ya waliofika nayo walipanda kutoka huku kwetu chini. Habari za Gadi nilizipata vipande vipande kwa watu wa soko, mpaka soko nalo likaacha kukutanisha watu wa juu na wa ziwani. Mmoja anasema yuko nchi ya mbali, mwingine hasemi. Kwenye maziko ya Kocha nilijikuta nawatazama warefu wote waliosimama nyuma. Ni ujinga, najua.

Jioni ile ya sherehe niliwasindikiza, maana mgeni hasindikizwi kwa macho. Gadi alibeba mkeka wake na daftari la hesabu, mimi nikabeba mfuko wa mukeke wakavu ambao Mama Neema alimfungia. Tulitembea nyuma ya ng'ombe bila kusema lolote la maana. Aliniambia beki wa kushoto anapanda sana, tumwambie Kocha. Nilimwambia nitapanda kumtembelea kabla ya mtihani, nitalala kwao, tutasoma. Akasema kwao kuna baridi, nije na koti. Hivyo tulikuwa tumekwisha kupanga. Tulipofika mtoni, mahali njia inapoanza kupanda kweli, nilivua viatu nivuke nao, nifike angalau kwenye kijiji cha kwanza. Baba yake alikuwa amekwisha vuka. Aligeuka akaniona, akarudi ndani ya maji mpaka akanifikia, akauchukua ule mfuko wa samaki kutoka mkononi mwangu, akaniwekea kiganja kichwani kama baba anavyombariki mwanawe.

"Rudilia hapa, mutoto wangu," akasema. "Huku juu na sisi tunajengaka milango inaangalia chini. Bakiona kijana wa ziwa anapanda, bamama batakimbia na batoto."